Karibu ya Barazani

Zamani mtu hakuingia ghalani Changamwe kabla ya kusimama dirishani na kuuliza leo yafaa nini, na siku hizi kila mtu asukuma mlango kwa bega kisha ashangaa kuukuta umefungwa.

Mwidani Faki wa Shika Adabu alianza kazi mwaka 1981, karani katika yadi ya makasha ya watu binafsi. Kila asubuhi alikwenda dirishani, akaamkia, akauliza. "Kuingiza, ndiyo," aliambiwa. "Kutoa, hapana. Kukagua, rudi baada ya adhuhuri." Jibu hilo liliokoa siku nzima; lori halikupanga foleni bure. Kisha dirisha likazibwa kwa matofali, ikaletwa kompyuta, na karani aliyetaka kubaki ilibidi ajifunze. Mwidani aliyeishia darasa la saba alinunua Kongowea kitabu cha kompyuta kisicho jalada, akakisoma mwaka mzima, kamusi pajani. Baadaye Mbeyu, mpiga chapa wa ofisini, alimtolea kwenye printa kurasa za kanuni za mtandao.

Humo alikuta jambo lililompendeza kama kuonana na jamaa aliyepotea. Kompyuta inayoomba yaweza, kabla ya kufanya lolote, kuiuliza ile inayohudumia: kwenye anwani hii naruhusiwa nini? Swali hilo laitwa OPTIONS. Jibu huja na mstari wa Allow, umeorodhesha: GET, kuchukua, PUT, kuweka, DELETE, kufuta. Kisichotajwa, hukijaribu.

"Ni dirisha langu lile lile," alimwambia mkewe, Mwanasaumu.

"Mashine waiuliza. Mimi waniuliza lini kabla hujafunua chungu?"

Mwaka 1998 aliandika programu ya kupeleka orodha ya makasha kwa wakala wa meli aliyeko Durban. Kwanza iliuliza, kisha ikaweka. Ilikwenda hivyo miezi minane bila kosa, na kwayo Mwidani, akiwa na miaka arobaini na saba, alibaki kazini wakati makarani wenzake sita wamekwisha rudishwa makwao. Alijua siku programu itakapoharibika, yeye ndiye wa saba.

Februari 1999 programu ilisimama. Durban walikuwa wamepanga upya kompyuta yao, na anwani ya zamani sasa ilijibu: GET, HEAD, OPTIONS. Kusoma tu. Kuweka hakumo. Mwidani akapeleka faksi kuuliza orodha ziwekwe wapi sasa. Kasha lisilo kwenye orodha halipakiwi; meli ilikuwa ya kupakiwa Jumatano, na hiyo ilikuwa Jumatatu.

Phineas, meneja mpya aliyetoka Nairobi, alisimama nyuma ya kiti chake.

"Mzee, wewe unaomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Tuma hiyo kitu."

"Wamekataza kuweka, bwana. Tungoje faksi."

"Nani amekataza? Sogea." Phineas akaandika swali mwenyewe, lakini pahala pa anwani akaweka nyota, alama ya kuiuliza kompyuta nzima kwa jumla. Jibu likaja refu, na PUT imo. "Ona. Si hiyo? Umesoma kitabu kimoja unatusumbua."

"Hiyo ni karibu ya barazani," Mwidani alisema. "Umepiga hodi, umeambiwa karibu, nawe wataka kupitiliza hadi chumbani kwa mke wa mtu. Nyumba ina vyumba vinavyowekwa vitu, ndivyo walivyokwambia. Chumba hiki hukukiuliza."

Mbeyu alicheka, akajikoholesha.

"Hapa ni ofisini, si harusini," Phineas alisema. Akaifuta mistari ya kuuliza, akaiamuru programu ijaribu kuweka kila dakika mbili mpaka ikubaliwe. Ilirudishiwa 405, njia hairuhusiwi, na chini yake, kila mara, orodha ya zinazoruhusiwa. Hakuna aliyeisoma. Jumanne adhuhuri Durban wakaona mtu agonga mlango wao mamia ya mara bila adabu, wakaifungia yadi nzima. Faksi yao yenye anwani mpya ilifika alasiri, lakini sasa hata hiyo anwani mpya haikufunguka kwao.

Meli iliondoka bila makasha ishirini na mawili.

Ijumaa Mbeyu alimletea Mwidani barua aliyoichapa mwenyewe. Ilisema programu ya Bwana Mwidani Faki imeisababishia yadi hasara, na huduma zake hazihitajiki tena.

"Niwie radhi, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Meneja aliyasema, nikayaandika."

"Karatasi za mashine zipo, Mbeyu. Zaonyesha nani alifuta nini, saa ngapi."

"Amezichukua."

Mwidani aliingia kwa Phineas, akaomba azione. Phineas akasema ni mali ya kampuni. Mwidani akamwambia basi awaandikie Durban kwa adabu wafunguliwe, na programu irudishiwe mistari yake ya kuuliza. Phineas akainamia kioo cha kompyuta.

Alipopita nje ya dirisha la ofisi, Mwidani aliwaona kwa mara ya mwisho: Phineas kwenye kile kiti, Mbeyu amemsimamia nyuma na daftari la simu, modemu yalia, na Phineas abonyeza kitufe kile kile cha kutuma, asubiri kidogo, kisha abonyeza tena.