Majani ya Njia Panda

Nilipomaliza chuo kikuu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba kiti.

Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umepasuka na kufungwa kwa waya. Nilikibeba kichwani kila asubuhi nikimfuata baba kwenye vijia vya mlima juu ya kijiji chetu, upande wa Bwera, karibu na mpaka. Baba alikuwa amepata kiharusi. Mimi nilikuwa bado Kampala, natafuta kazi, mama aliponipigia simu akasema tu, "Baba yako ameanguka, njoo." Basi lilipofika Kikorongo na kukata kona kuelekea mpakani, nilikuwa nimeshamzika baba mara kadhaa kichwani mwangu, na nimeshachagua hata nyimbo za mazishi. Nikamkuta ameketi kitandani, mdomo umekwenda upande, anajaribu kunitania.

Mkono wake wa kulia ulikataa kabisa. Mguu wa kulia ulitii nusunusu. Maneno mengi yalimtoroka, akabaki na machache, na lililotoka vizuri kuliko yote lilikuwa "wasingya", asante ya Lhukonzo, lugha yetu. Kwa hiyo alishukuru kwa kila jambo. Chai ikikosa sukari, wasingya. Redio ikipiga kelele, wasingya. Mama alijifunza kutambua ipi ni asante na ipi ni malalamiko.

Daktari wa Kasese alisema mzee atembee kila siku, mwendo uongezwe polepole. Mtu mwingine angemshika baba mkono, wakaenda. Mimi nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikapata kila baya linaloweza kumpata mgonjwa njiani. Ndipo nikafikia uamuzi wa kiti: akichoka popote, aketi palepale. Pamoja na kiti nilibeba maji, sukari ndani ya karatasi, mwavuli, na kitambaa cha kumpangusa jasho, maana nilisoma mahali kwamba jasho la ghafla si dalili nzuri. Kwenye mlima wetu, Februari, kila mtu anatokwa na jasho la ghafla.

Jirani yetu, askari mstaafu, alikuwa na shamba la maharage kando ya njia. Akituona anasimama, anaegemea jembe.

"Afande!" alimwita baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika bunduki. "Kushoto, kulia! Kushoto, kulia! Usilale!" Kisha ananigeukia mimi. "Na wewe musomi, leo kiti iko naenda wapi tena? Imechoka kukaa nyumbani?"

"Kinamsindikiza mzee."

"Ungebeba na meza basi. Tukifika juu tule."

Baba alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Wasingya," akasema, na hiyo haikuwa asante.

Lakini chini ya utani kulikuwa na jambo. Shamba la kahawa la baba liko juu, ng'ambo ya msitu wa mikaratusi, na jirani alikuwa amemwomba mama amkodishie. Mama hakukataa. Alimwambia, "Kahawa ikianza kuwa nyekundu na mzee hajapanda kwa miguu yake, chukua." Alilisema hilo baba akiwa hapo, kwa sababu hakutaka mambo ya shamba yazungumzwe nyuma ya mgongo wake. Nilisema mimi naweza kuchuma. Mama alinitazama kwa huruma. "Wewe kazi ikipatikana kesho unaondoka. Na uende. Kahawa inataka mtu wa kuikasirikia kila siku."

Siku ile baba hakushukuru mtu. Aligeuza uso dirishani, upande wa mlima, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Njia ya kwenda kule huanzia nyuma ya jiko letu. Hupita kwenye migomba, halafu kwenye mihogo ya watu, halafu inaanza kugawanyika. Vijia vyetu havina bango. Kimoja kinakwenda mtoni, kingine kwa mtu, kingine kilikuwa kinakwenda mahali kabla ya maporomoko ya ardhi na sasa kinaishia hewani. Kwa hiyo tunafunga njia. Aliyetangulia, akifika njia panda, anakata tawi na kulilaza juu ya njia ambayo hakuipita. Anayemfuata anaona majani, anajua: huku hapana. Ndivyo nilivyompelekea baba chakula shambani nilipokuwa mdogo. Yeye alitangulia na ukungu wa alfajiri, mimi nilifuata jua likishatoka, na kila mahali ambapo ningeweza kupotea alikuwa ameshapafunga. Nilikuwa mtoto mwoga. Alifunga hata njia ambazo hazikuhitaji kufungwa, kama ile ya kwenda chooni kwa jirani.

Kwa hiyo tulipanda, baba, mimi na kiti. Mwanzoni tuliishia kwenye migomba. Baadaye mihogo. Baadaye njia panda ya kwanza, ambapo baba aliketi akipumua, akitazama bonde na barabara ya mpakani, malori yakiwa madogo kama punje. Alitaka kuendelea. Mimi nilisema kesho. Kesho yake nikasema pumzi yake hainipendezi. Nilimpima mapigo ya moyo mpaka akaninyang'anya mkono. Siku moja alifika kwenye mikaratusi ya kwanza, akagusa gome la mti kwa kiganja, nami badala ya kufurahi nikaanza kuwaza tutakavyoshuka. Mvua ikinyesha je? Mguu ukiteleza? Nikimshika, tukaanguka wote wawili, nani atakwenda kumwita mama?

"Turudi, Baba," nikasema.

Alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema na halikutoka.

Wiki ile jirani alipita nyumbani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa tu, kwamba ameona punje za kwanza nyekundu. Mama akaitikia, "Haya." Baba alikuwa anakunywa uji.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na kiti, baba sikumwona. Kitanda kimetandikwa vibaya, kwa mkono mmoja. Fimbo haipo. Mama alikuwa anapepeta maharage uani.

"Baba yuko wapi?"

"Amekwenda."

"Peke yake? Na ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimfunga kamba za viatu." Akaendelea kupepeta. "Kaa unywe chai."

Nilitupa kiti, kikaanguka kwenye maharage yake, na sauti ya mama ikanifuata hadi kwenye migomba. Nilikimbia nikiwaza kila kitu kwa pamoja: bonde, mawe, mto, mdomo wake usioweza kuita. Akianguka ataita nini? Ataita wasingya, na mpita njia atajibu karibu, aendelee na safari.

Kwenye njia panda ya kwanza nilisimama ghafla. Tawi la mhogo lilikuwa limelazwa juu ya kijia cha mtoni.

Halikukatwa kwa panga. Lilikuwa limevunjwa, limesokotwa, ganda limechunika mpaka chini, kazi ya mtu anayetumia mkono ambao si wake wa kazi. Nililitazama. Hakuna aliyekuwa anamfuata baba milimani asubuhi ile ila mimi.

Njia panda ya pili nayo ilifungwa, kwa nyasi ndefu za mabingobingo. Kwenye hii alikuwa amefunga pia kijia kinachoishia kwa watu, kile ambacho hata mgeni hawezi kukikosea, na hapo nikaanza kulia huku nikitembea, kwa sababu nilikuwa nimeacha kukimbia bila kujua.

Ya tatu haikuwa na kitu. Vijia viwili viko wazi, na katikati yake, karibu zaidi na cha kulia, mbuzi amefungwa kwenye kisiki, anatafuna. Mdomoni kulining'inia kipande cha majani ya viazi vitamu. Baba, katika haraka yake au uchovu wake, alikuwa amefunga njia kwa chakula cha mbuzi. Nilisimama pale. Kushoto ni mikaratusi, kulia ni mteremko unaoteleza na maporomoko. Nilimuuliza mbuzi kwa sauti. Kisha nikaiangalia kamba yake. Ilikuwa fupi, haikufika kushoto kabisa. Majani aliyoyala yalikuwa yamelazwa kulia. Nikaingia kwenye mikaratusi.

Baba alikuwa ndani ya kahawa yake, ameketi juu ya kisiki, fimbo kati ya magoti. Shati limelowa jasho lote. Kofia ilikuwa chini, mdomo juu, na ndani yake punje nyekundu, chache, zile za matawi ya chini ambayo mkono wa kushoto unaweza kuyafikia. Zilikuwa nyekundu kweli, hata moja haikuwa na kijani.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yeye alichungulia nyuma yangu, kushoto, kisha kulia.

"Kiti?" akasema.

Lilitoka safi kabisa. Nilicheka mpaka nikaketi ardhini kwenye majani makavu, kichwa changu kikaegemea goti lake zima, naye akaniwekea mkono wa kushoto kichwani, mzito, unanukia ganda la kahawa. Ndege walikuwa wanagombana kwenye migomba ya kivuli. Kwa mara ya kwanza tangu Kikorongo sikuwa nawaza chochote, nikashtuka nilipotambua.

Tulipoinuka nilimpa bega langu. Hakulichukua. Alielekeza kidevu chake kwenye njia: tangulia.

"Baba, huko kunateleza."

Kidevu tena.

Nikatangulia, kofia yenye kahawa mkononi. Chini kabisa kwenye maharage, jirani alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, akitazama mlimani, na alipotuona alikunja mkono kichwani kwa saluti ndefu. Nilitaka kugeuka nyuma nione kama baba ameiona. Nilisikiliza badala yake. Fimbo, mguu, mguu unaoburuta. Fimbo, mguu.

Pale kwa mbuzi nilivunja tawi la mkaratusi, ambalo mbuzi hali, nikalilaza vizuri juu ya kijia cha maporomoko, nikaendelea kushuka.