Niliwarudisha wabeba tipoyi kwa sababu ya jeep yangu

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali, maana wengi wa ukurasa huu ni watu wa kwetu. Nina miaka arobaini na miwili, mke mmoja na watoto wanne, nauza vitenge hapa Butembo. Jumapili hii tunamaliza matanga ya baba yangu kule Masereka, na nikikaa kimya siku hiyo, mtu mwema ataumia kwa kosa langu.

Baba alikuwa mkulima wa viazi. Mgongo wake uliharibika, kukaa ndani ya gari hakuweza tena, ilikuwa lazima alale. Hamu yake ilikuwa kufika Beni kumwona dada yangu aliyeolewa kule commune Ruwenzori. Mzungu mmoja aliyemaliza kazi yake hapa aliacha karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda na dirisha, nikainunua. Ikabaki gari la kuivuta. Beni nikapata jeep ya kifahari, nyeusi, viti vya ngozi, bei ya chini mpaka nikadhani muuzaji amechanganyikiwa. Fundi wangu aliizunguka mara moja tu, akatikisa kichwa.

"Grand, iyi haina ressort, zile springi za chuma, inasimama na hewa. Kwa lami iko muzuri, mais mu potopoto, matope ya kwetu, na ile karavani sawa remorque nyuma, itakulalia mu njia. Tafuta gari ya kazi."

Nilimjibu kwamba ana wivu. Rahisi huvunja upishi, methali hiyo naijua tangu shule, lakini nilitaka kijiji kizima kinione nikimpandisha baba ndani ya nyumba inayotembea. Napenda kuonekana, siwezi kuwaficha.

Kutoka nyumbani kwetu mpaka barabara kubwa ni nusu siku kwa mguu. Njia ya gari ipo, lakini hata malori ya viazi huiogopa wakati wa mvua. Kwa hiyo mgonjwa hubebwa kwa tipoyi, kitanda cha miti kinachopandishwa mabegani. Kila nyumba hutoa mwanaume mmoja, wanapokezana, hakuna anayelipwa. Asiyebeba wenzake, siku yake ikifika habebwi. Mkuu wao ni mzee Paluku, rafiki wa baba tangu utoto.

Jumanne moja tumbo la baba lilivimba. Muuguzi akasema ashushwe Butembo kwa operesheni, zisipite siku mbili. Jioni Paluku akanipigia simu.

"Mwana wetu, batu beko tayari. Kesho asubui tunamushusha Tata wako mpaka ku barabara. Tuma tu gari itungoye pale."

"Hapana, papa Paluku. Batu bakae kwabo. Tata hatabebwa ku mabega sawa maskini. Niko nakuya na jeep mpaka ku mulango, atalala ku kitanda."

"Mvula iko inanyesha, mwana."

"Jeep iko na nguvu."

Akasema sawa. Mimi ndiye mtoto wa mgonjwa, neno langu lilipita lake.

Jumatano mchana, kwenye kilima cha tatu baada ya kuacha barabara kubwa, nyuma ya jeep ilishuka mpaka ikagusa udongo. Karavani ikailemea, gia zikagoma. Nilimpigia fundi, akanifuata kwa pikipiki, akasema atajaribu. Simu ilikuwa mkononi na mtandao ulikuwepo. Ningempigia Paluku saa ile ile, baba angekuwa hai leo. Sikumpigia. Niliona haya. Nilijiambia asubuhi jeep itatembea, nikalala kwenye kile kitanda cha baba, na usingizi ukanichukua. Hilo la usingizi linaniuma kuliko yote.

Alhamisi saa nne asubuhi fundi alikata tamaa. Ndipo nikampigia Paluku. Hakuniuliza kitu, alisema tu, "Tunatoka."

Niliacha gari nikapanda kwa mguu katika ukungu. Niliwakuta penye mikaratusi. Tipoyi ilikuwa chini, wanaume wamevua kofia. Paluku alikuwa amemfunika baba kwa koti lake mwenyewe, yeye amebaki na shati lililolowa. Nilipiga magoti, yeye ndiye aliyeniinua.

Kumbe ile Jumatano aliwaambia wenzake na mama wangoje mvua ipungue. Hakunitaja. Mama anaamini jeep iliwangojea barabarani, nami nikaipandisha tu nilipoona wanachelewa. Kila mgeni wa msiba anamwambia, "Mwana wangu alinunulia babake nyumba ya kutembea. Ni bale ba tipoyi balikawiya." Sasa ukoo umeamua kwamba Jumapili, baada ya misa, Paluku ataondolewa ukuu mbele ya watu, na hakuna bega la kwetu litakalobeba mgonjwa wa nyumba yake. Mke wake hatembei tangu mwaka jana.

Nilikwenda kwake nikamwambia nitasema ukweli. Alinishika mkono.

"Nyamaza, mwana. Mama yako amepoteza bwana. Akijua ile, atapoteza na mutoto. Mie niko muzee, bakasirike tu."

Jeep niliiuza kama chuma. Karavani ilivutwa na lori mpaka uani kwetu, na mama amekataa isiguswe. Ametandika humo shuka la baba, anawaonyesha wageni kitanda ambacho angelalia, halafu ananishika kichwa na kusema, "Wasingya, mwana wangu." Asante hiyo inanichoma kila mara.

Ndugu zangu, msinihurumie, nimeshajihukumu. Nikisema, naweza kumuua mama kwa huzuni. Nikinyamaza, namtupa mzee aliyembeba baba yangu, na siku mke wake akizidiwa yeye atashika mti mmoja wa tipoyi, na hakuna atakayeshika wa pili isipokuwa mimi. Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini, nisimame mbele ya mama, au nimtii Paluku?