Rubani wa Ukoo Wetu

Nyumbani kwetu Fisksätra, Uswidi, tuliambiwa babu yake mama alikuwa rubani wa jeshi la majini la Waingereza wakati wa vita kuu. Picha yake ilikaa juu ya kabati: kijana mwembamba, sare nyeupe, bahari nyuma yake na kidoa cheusi angani. Mama alisema kile kidoa ndiyo ndege yake.

"Kama yeye yuko hapa chini," niliuliza, "nani anairusha?"

"Nyamaza, wewe na digrii yako."

Nilikuwa na maswali mengine. Waingereza waliomzuia asiingie hata hotelini mwao, wampe ndege? Lakini mdogo wangu aliamini. Kwa Kiswidi alimwita babu marinflygare, mrusha ndege wa majini, na kwa ajili yake akaomba chuo cha urubani. Alipoitwa kwenye usaili, hotuba aliyoiandaa yote ilimhusu babu.

Siku moja kabla ya usaili, bibi, binti wa mwisho wa huyo babu, alikuwa kwetu, amekuja kututembelea kutoka Mombasa. Mdogo wangu akamsomea hotuba kwa Kiswidi, mimi nikitafsiri. Bibi akaacha kutafuna.

"Ndege gani? Baba alikuwa rubani wa bandari. Manowari zikija, anazifuata na mashua, anapanda ngazi ya kamba, anaziingiza taa zote zimezimwa. Na kila safari alitapika."

"Lakini mama alisema rubani," mdogo wangu akasema.

"Kwani mimi nimesemaje?"

Mama, mtoto wa Nairobi, aliyewajua marubani wa ndege tu, alikwenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa motoni.

"Lots," mdogo wangu alisema polepole. Ndivyo Waswidi wanavyomwita mwongoza meli. Wa ndege ana neno lake. Sisi tuna moja, linafanya kazi zote mbili. Nilifurahi kidogo, mpaka nilipomwona anakunja hotuba yake.

"Sema rubani, kwa Kiswahili," mama aliita kutoka jikoni. "Watajijua."

"Huo ni uongo," nikasema.

"Uongo uko wapi?" bibi akauliza.

Kesho yake mama alimngojea mdogo wangu mlangoni. "Wamesemaje kuhusu babu?"

"Hawakumuulizia." Alijibu kwa Kiswahili, ili bibi asikie. "Wameuliza kama huwa natapika."

"Ukajibuje?"

"Kwamba ni mambo ya ukoo. Tunatapika, halafu tunaingiza meli."

Wamemchukua. Picha iko pale pale. Bibi anasema kile kidoa ni kunguru. Mama bado hajakubali.