Wali wa Bibi Eliza

Kakao iliyovundikwa chini ya majani ya migomba hutoa harufu kali, nusu siki nusu pombe. Nikiinusa hata leo ninarudi kuwa mtoto wa miaka tisa kijijini kwetu Bujonde, tena mtoto aliyekasirika. Njia ya kwenda kwa Bibi Eliza ilipita uani kwa jirani aliyekuwa akivundika kakao yake. Kila Jumapili baada ya ibada nilipita hapo na bakuli la wali na usipa, wale dagaa wa ziwani, limefungwa kwa kitambaa, wenzangu wakikimbilia mtoni kuogelea.

Bibi Eliza alikuwa Mkisi wa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, mfinyanzi wa vyungu, aliyeolewa kwetu na hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, na shemeji yake akafuata kabla mwaka haujaisha, watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Waliacha tu kupita kwake kuomba chumvi, na kanisani akawa anakaa benchi zima peke yake.

Mama yangu alikuwa katibu wa umoja wa wanawake wa usharika. "Sisi ni Wakristo," alikuwa akisema. "Hatumwachi mtu peke yake." Kisha ananikabidhi bakuli.

Niwaambie ukweli, yule bibi alinichosha. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru, "Ndaga, mwanangu," halafu badala ya kunirudishia chombo akaanza maswali. Mama hajambo? Atakuja lini? "Kaa kwanza, tule." Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, hadi akachoka kunibembeleza. Jumapili moja niligeuka njiani nikamwona anawamwagia kuku wali wetu. Nilimsimulia mama, akakunja uso. "Peleka hivyo hivyo," alisema. "Mungu anaona."

Jumamosi moja asubuhi Bibi Eliza alikuja kwetu mwenyewe, amevaa kitenge chake cha kanisani, chungu kipya kichwani. Mama alitoka haraka akampokea uani, kabla hajafika kibarazani. Alikisifu chungu, akaingia ndani, akarudi na kapu la mchele, akampa.

"Mmepika nini leo?" Bibi Eliza aliuliza.

Mama alicheka kidogo. "Tunatoka sasa hivi, mama. Tutakuja kukutembelea na kina mama wote."

Hatukuwa na safari yoyote. Ndizi zilikuwa zinatokota jikoni, na sote watatu tuliisikia harufu yake. Bibi Eliza aliliweka kapu chini taratibu, akaaga, akaondoka.

Nilipandwa na hasira. Nililibeba kapu nikamfuata mbio. "Bibi, umesahau mchele wako."

"Sijausahau." Alisimama akanitazama. "Wewe umekuja kwangu Jumapili nyingi. Hujala na mimi hata tonge moja. Mama yako kakukataza?"

Nililiweka kapu miguuni pake. Mama alikuwa amenikataza. Kila alipofunga kile kitambaa alinikumbusha: usikae, wala usile kitu pale.

Kina mama walikwenda kweli, mwezi uliofuata, na sabuni na nyimbo. Wakakuta mlango umefungwa kwa kamba. Bibi Eliza alikuwa amesharudi kwao Ikombe kwa mtumbwi. Jumapili ile tulimwombea kanisani "popote alipo," kana kwamba hakuna aliyejua Ikombe iko wapi.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha mtu asiye na shukrani. Kisha nami nikawa mama, mwanachama wa umoja ule ule, na siku moja nikajisikia nikimwambia mwanangu aache chakula kwa mgonjwa mmoja na arudi upesi. Mwaka juzi nilimuuliza mama kwa nini alinikataza kula kwa Bibi Eliza.

"Sikukukataza," alijibu, na naona anaamini hivyo. "Tulimlisha mwaka mzima yule mwanamke."

Linaloniudhi ni kwamba hilo la pili ni kweli. Utotoni nilidhani tumetenda wema na yeye akaukataa. Kumbe hata siku moja hakuwa na njaa. Alitaka mtu wa kukaa naye chini, na hicho ndicho tulichomnyima kwa adabu zetu zote, mimi nikiwa ndiye niliyetumwa kwenda kumnyima.