Kitanda cha Mama Kilichoponya Mgongo Wangu

Kile kitanda cha kuning'inia kichwa chini kilikuwa cha mama, si changu. Mdogo wangu anayefanya kazi Lusaka alikikuta mahali wanapouza vitu vilivyotumika, akakituma kwa basi mpaka Nchelenge tunakoishi. Kina miguu ya chuma na ubao wenye sponji. Unajifunga vifundo vya miguu, unajisukuma nyuma polepole, ubao unapinduka, na mgongo unanyooka kwa uzito wako mwenyewe.

Mama na mimi sote tulikuwa na migongo mibovu. Wangu niliuharibu kwa kubeba mafurushi ya samaki wakavu yanayotoka Chisenga kwa mashua. Wa mama uliharibika tulipokimbia kutoka Kongo: mdogo wangu mgongoni, unga kichwani, na mimi, mtoto mkubwa, nikilia anibebe pia. Wakati mwingine alinibeba.

Kabla ya kukijaribu tulikwenda kliniki kuuliza. Muuguzi akampima mama presha, akaikuta iko juu, akatikisa kichwa.

"Awe, bamayo," alisema kwa Kibemba. Hapana, mama. Kichwa chake kisiinamishwe hivyo hata kidogo. Mimi akaniruhusu, nianze taratibu.

Tulipoingia nyumbani akaniambia, "Basi, panda weye."

"Mama, kitanda ni yako."

"Najua ni ya nani. Panda."

Nikapanda. Baada ya majuma kadhaa niliweza kuinama kugeuza samaki juu ya moshi bila kushika magoti. Mama aliendelea kuamka akiegemea ukuta. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya pazia akivuta pumzi kabla ya kusimama, na mimi niliyesimama wima niliona aibu.

Simu ndiyo ilinitesa zaidi. Mdogo wangu alipiga kila Jumapili baada ya ibada.

"Mama, mugongo inaendelea namna gani?"

"Inapoa, mutoto yangu. Kitanda ni muzuri sana."

Mimi niliosha sahani.

Mwishowe nilikikokota kitanda mpaka kwenye kibanda cha kukaushia samaki, nining'inie huko mama asinione. Akanifuata. Nikaona kwanza ndala zake, halafu uso wake juu sana.

"Unamukimbia nani?"

"Nakuonea haya, mama."

"Haya ya nini? Tukilala wote sababu ya migongo, nani atatafuta samaki?" Akakagua mikanda ya miguu yangu, akaikaza. Machozi yalinitoka, yakateremka kwenye paji la uso mpaka kwenye nywele. Sijui kama aliyaona.

Jumapili iliyofuata niliichukua simu mkononi mwake, nikamweleza mdogo wangu yote. Huniita yaya, yaani ndugu yake mkubwa.

"Yaya, kwa hiyo na mugongo ile mama analala juu ya nini?"

"Kwenye godoro ile ile ya zamani."

"Na weye ulikuwa unangojea nini kuniambia?"

Mama alininunia mpaka usiku. Alisema nimemnyang'anya mdogo wangu furaha yake, na kwamba yeye hakuwa ameniomba nimsemee.

Baadaye lilikuja godoro jipya kutoka Lusaka, gumu, nene. Nikimuuliza mama mgongo unaendeleaje, ananiambia unapoa. Anasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kumwambia mdogo wangu kwenye simu.