Nilimwambia Bosi Barabara Iko Sawa

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ninakujua sana na ndiko kulikonifikisha hapa. Kuna mtu huko Saudia anatembea akiburuta mguu kwa sababu yangu, na mpaka leo anadhani ni mvua.

Jina usiniulize. Mimi ni mtu wa Machakos, nimerudi nyumbani, na mke wangu yuko hapo jikoni anapika. Hata yeye hajui haya yote. Wewe ndiwe wa kwanza.

Nilienda Riyadh miaka ile ambayo kila nyumba ya kwetu ilikuwa na mtu anayetafutiwa visa na ajenti. Wanawake walienda kazi za ndani, sisi wanaume tukaenda udereva na ulinzi. Nilisikia hadithi za makafili wakatili, yaani wale waajiri wanaokudhamini na kushika karatasi zako, mpaka nikapanda ndege nikisali. Kumbe wangu alikuwa mtu mzuri. Hakuwahi kunifokea hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Huyu bosi alikuwa na wazimu mmoja tu: baiskeli. Wee, usifikirie hizi zetu za kubebea mitungi ya maji! Yake ilikuwa nyepesi unaiinua kwa mkono mmoja, na magurudumu yake membamba kama kidole. Mtu ana magari matatu uani, halafu anavaa kaptura ya kubana na kwenda kutoa jasho barabarani. Nilicheka sana mwanzoni, lakini nilichekea ndani ya gari.

Kila kiangazi alienda Ufaransa kuendesha hiyo baiskeli mashambani. Alinionyesha picha kwenye simu. Vibarabara vyembamba, miti pande zote mbili, mashamba ya alizeti, kijiji kidogo chenye duka la mkate. Aliniambia huko unaweza kuendesha asubuhi nzima ukutane na trekta moja tu, na dereva wa gari akikukuta mbele anakungoja bila kupiga honi. Mimi nikasema, "Bosi, hao si madereva, ni malaika." Akacheka mpaka akashika tumbo.

Riyadh hakuna barabara kama hizo. Magari yanapita kama risasi. Kwa hiyo kazi yangu siku za mapumziko ilikuwa kumfuata nyuma na gari, polepole, taa za dharura zikiwaka, ili wanaokuja wanigonge mimi kwanza. Na kazi nyingine ilikuwa kumtafutia barabara tulivu. "Nitafutie Ufaransa yangu," alikuwa akiniambia. Nikiipata, lazima niipitie siku moja kabla, mwanzo hadi mwisho, niangalie mchanga, vioo, mbwa na ngamia. Hayo magurudumu mchanga kidogo tu unayaangusha.

Halafu siku moja akaniambia neno lililoninyima usingizi. "Kiangazi kijacho twende wote. Utanifuata na gari hukohuko Ufaransa." Pasipoti yangu akaipeleka kuombewa visa. Mimi! Mtoto wa muuza maziwa! Niliwapigia simu nyumbani nikapiga kelele mpaka mlinzi wa jirani akachungulia.

Sasa sikia nilivyojimaliza.

Nilipata barabara moja ya zamani nje ya mji, inayoshuka kwenye mwinuko wa mawe kwa kona nyingi mpaka bondeni. Barabara kuu mpya ilipojengwa, hii iliachwa. Hakuna gari, hakuna honi, kimya kabisa. Nikasema hii ndiyo Ufaransa yenyewe. Alhamisi nikaenda kuikagua.

Nilipofika katikati, kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa, simu ikalia. Alikuwa Wafula, rafiki yangu wa Bungoma, mlinzi wa ghala.

"Uko wapi wewe? Kuja haraka! Kuna mtu ametoka nyumbani na unga. Unga wa kwetu! Tunasonga ugali sasa hivi, halafu tuombe kidogo kabla watu hawajatawanyika."

Ndugu yangu, kama hujawahi kukaa ugenini ukila wali siku nenda siku rudi, huwezi kunielewa. Nikaangalia barabara mbele yangu, inateremka safi tu, lami nyeusi. Nikajiambia, nusu ya kwanza ni nzuri, ya pili itakuwaje mbaya? Nikageuza gari.

Nilirudi jioni nimeshiba. Bosi akaniuliza, "Umeipitia yote?"

"Yote, bosi. Mafi mushkila."

Mafi mushkila, yaani hakuna shida. Ndilo neno la kwanza sisi wote hujifunza kule. Ukiulizwa umepika, mafi mushkila. Unaumwa, mafi mushkila. Tunaogopa kusema sijui, tunaogopa kusema sijamaliza, kwa sababu tunaona anayesema hivyo hurudishwa kwao. Nikalisema kama nilivyolisema siku zote, na wala ulimi haukuniwasha.

Usiku ule kukanyesha kidogo. Asubuhi hewa ilikuwa baridi na bosi alikuwa na furaha. Alipoanza kuteremka zile kona aligeuka akanipungia mkono. "Faransa!" akapiga kelele. Kwenye mteremko baiskeli hupita gari, wewe na gari lako zito unashika breki kila kona. Akapotea kona ya kwanza, nikamwona tena. Akapotea ya pili.

Kona ya tatu nilipotoka, hakukuwa na mtu.

Hakukuwa na barabara pia. Lami ilikatika ghafla kama mkate ulioumwa, na chini kulikuwa na korongo. Nikakanyaga breki gari likaserereka. Nilishuka nikaita, "Bosi! Bosi!" Kile kimya nilichokuwa nimekitafuta ndicho kilichonijibu.

Na pale ukingoni, kwenye ule mpasuko, niliona kitu ambacho sijakisahau. Majani yalikuwa yameota na kukauka. Pipa lililowekwa kuzuia watu lilikuwa limelala kando, limejaa kutu. Barabara ile haikukatwa na mvua ya jana. Ilikatika zamani. Ningeendelea mbele kidogo tu Alhamisi, ningeona kwa macho yangu haya.

Nilimkuta chini, damu usoni, mguu umegeuka upande usio wake. Anapumua, macho amefumba. Nilimbeba mgongoni nikipanda mawe yale huku nikilia na kuomba kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa kila lugha. Sijui nilivyofika hospitali. Wakamchukua kwenye kitanda cha magurudumu, na mtu mmoja wa mapokezi akanishika mkono. "Wewe usiondoke. Polisi wanakuja."

Polisi! Hapo ndipo moyo ulipokufa. Nikakumbuka hadithi zote: waliofungwa, waliokatwa kichwa, waliosahauliwa ndani. Nani angemsikiliza dereva Mkenya? Nikasema naenda kuegesha gari vizuri. Nikaacha funguo kwenye kiti, nikatembea. Sikukimbia, nilitembea, mpaka nikapata Msudani mmoja anayepeleka abiria Jeddah.

Jeddah nilijificha Karantina, huko kusini, ambako watu wasio na karatasi wamejazana chumba kimoja. Simu niliitupa. Niliosha magari ya watu kwa chakula. Kila king'ora kilinifanya niingie chini ya kitanda, na wenzangu wakawa wananicheka, "Mkamba, hicho ni cha ambulensi!" Ambulensi ndiyo iliyonitisha kuliko zote. Kila siku nilijiuliza: amekufa? Nimeua? Nilimwota amekaa juu ya baiskeli nje ya mlango, ananingoja bila kupiga honi.

Nyumbani walidhani nimekufa mimi. Mke wangu alinyoa nywele. Mtoto wangu aliambiwa hana baba. Niliogopa hata kuwapigia nisije nikafuatiliwa, ona akili ya mtu mwoga!

Mwaka ulipita na zaidi. Siku moja nikashindwa, nikaazima simu nikampigia Wafula. Aliposikia sauti yangu akalipuka.

"Wewe mjinga! Bosi wako yuko hai! Alikuja mpaka kwetu ghalani kukutafuta. Unajua alichouliza? Aliuliza kama uliumia!"

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni.

Wafula akatupangia tukutane Ruwais, mtaa wa zamani hapohapo Jeddah karibu na bahari, nyumbani kwa mama yake bosi. Nilihitaji pasipoti ili nirudi kwetu, na serikali ya kule ilikuwa imetangaza msamaha, waliotoroka kazi waondoke bila kufungwa. Nilifika nimejiandaa kwa pingu. Akatoka peke yake, na fimbo. Goti halikunjiki tena. Nilijua hapohapo kwamba baiskeli imekwisha, na Ufaransa imekwisha.

Akanisalimu kwa mkono. Akasema aliwaambia polisi kwamba alianguka mwenyewe. Akasema visa yangu ya Ufaransa ilitoka wiki ile ile. Halafu akaniangalia machoni.

"Nataka kujua kitu kimoja tu, halas, basi, sitauliza tena. Ile barabara, siku ile, ulifika mwisho?"

Ndugu yangu! Mtu ameshanisamehe. Pasipoti iko mkononi mwake, ananipa. Hakuna polisi, hakuna kafili mkali, hakuna wa kunikata kichwa. Na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Nilifika, bosi. Ilikuwa nzima. Ni mvua ya usiku."

Akafumba macho. Kisha akanishika bega, na machozi yakamtoka yule mtu.

"Nisamehe," akasema. "Muda wote huu nilikushuku."

Akaniomba msamaha! Yeye! Akageuka akaingia ndani akiburuta mguu, na mimi nikasimama pale na pasipoti yangu, nikashindwa kumwita. Nilikuwa na nafasi kutoka pale nilipokuwa mpaka mlangoni. Sikuitumia.

Nyinyi mnaoenda huko, na nyinyi mlioko hapa mnaofanyia watu kazi, nawaomba. Ukiulizwa kitu hujakimaliza, sema sijamaliza. Hujui, sema sijui. Utafokewa, labda utafukuzwa, na utalala. Mimi niko kwangu, hakuna anayenitafuta, na bado nikisikia baiskeli ya muuza maziwa ikiteremka kilima asubuhi, nasimama mlangoni nikiogopa mpaka niione imefika chini.