Folda Ambayo Dada Aliifunga

Alhamisi, siku mbili kabla ya kuganduka, yaani kuondoa matanga ya dada yangu, mama alipoteza kitu kilichokuwa kimemsaidia kulala kwa miezi sita. Aliamini kwamba mtoto wake alikufa ghafla, bila yeye mwenyewe kujua kwamba anakufa. Alikipoteza kwa mkono wangu. Sikukusudia, lakini mkono ulikuwa wangu.

Dada na mimi tulikuwa na sekretaria karibu na soko la Rumonge: chumba kimoja, mashine ya fotokopi, printa na kompyuta. Watu huja kuchapisha barua, kutoa nakala za vitambulisho, kuchagua picha za harusi. Yeye alisomea kompyuta Bujumbura. Mimi niliishia darasa la saba kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kabla hatujarudi Burundi, na ninachokijua nilifundishwa na yeye. Kompyuta yetu aliiwekea mfumo wa Linux, maana flashi za wateja zilikuwa zinatuletea virusi kila wiki. Wateja walikuwa na akaunti yao, mimi yangu, yeye yake.

Alinifundisha habari ya ruhusa. Kila faili lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema nani alisome na nani aliandike. Amri ya kubadilisha ruhusa, chmod, niliiandika kwenye daftari, na chini yake onyo lake: kabla ya kugusa ruhusa za folda, andika kwanza ls -l, utazame kama kuna mstari unaoanza na herufi l na wenye mshale. Hicho ni kiungo. Kinaonekana kama folda, lakini hakina kitu ndani, kinakuelekeza tu mahali pengine.

"Ukikipa kiungo ruhusa," alisema, "ruhusa haikai pale. Inakwenda kule kinakoelekeza. Wewe unafikiri umefungua jiko, kumbe umefungua chumba cha mama mkwe."

Tulicheka mpaka mteja mmoja akauliza kama fotokopi yake ndiyo inatuchekesha.

Wakati wa kiangazi daktari alimwambia dada kwamba figo zake zimechoka na kwamba tiba iko nje ya nchi. Mama ana shamba la michikichi Gatete. Tuliporudi tulikuta watu wengine ndani yake, na mama alikwenda ofisi ya komini miaka mingi, akikaa kwenye mabenchi, mpaka akarudishiwa. Hana mali nyingine. Dada aliniambia yote tulipokuwa tunafunga mlango wa sekretaria.

"Mama asijue. Akijua atauza shamba."

"Ni shamba lake. Ana haki ya kuliuza."

"Haki anayo. Ndiyo maana asijue."

Nilikubali. Nilikubali upesi mno. Mpaka leo sijui kama nilikubali kwa ajili yake, au kwa sababu mimi pia sikutaka lile shamba liuzwe.

Wateja wakipungua, alikuwa anavaa vile vifaa vya masikioni vyenye maikrofoni na kuongea peke yake, polepole. Sauti hizo alizihifadhi kwenye diski ya nje, ndani ya folda aliyoifunga, isisomwe na mtu mwingine yeyote. Halafu, ili asihangaike kuitafuta, aliweka kiungo chake ndani ya folda ya picha. Kwenye akaunti ya wateja kiungo kilionekana, lakini ukikibofya, kompyuta inakataa. Nilikiona kikikataa mara nyingi. Nilikizoea, kama mtu anavyozoea mlango wa jirani.

Basi Alhamisi hiyo mama alikuja sekretaria pamoja na mdogo wake, mama mdogo wa Nyanza-Lac, kuchagua picha ya kuweka mbele ya wageni Jumamosi. Picha nyingi dada alikuwa amezihifadhi kwa akaunti yake, na kompyuta ikazikataa. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba begani.

"Papa, hii mashine iko na kiburi. Inatukatalia mutoto wetu?"

Nikaingia kama msimamizi, ambaye mashine haimkatalii kitu. Nikiwa ndani ya folda ya picha nikaandika chmod -R a+rX, yaani wote wasome kila kilichomo, halafu nyota. Daftari lilikuwa kwenye droo. Sikulitoa, na ls -l sikuiandika. Kama mahali pa nyota ningeweka nukta, amri ingetembea ndani ya folda na kuviruka viungo inavyokutana navyo njiani. Lakini nyota huyataja majina yote moja moja, na kiungo kikitajwa kwa jina, chmod hukifuata hadi kinakofika na kufungua kila kitu huko. Haikuuliza wala haikulalamika. Nikarudi kwenye akaunti ya wateja, nikampisha mama mdogo kwenye kiti, nikaenda kumtolea mteja fotokopi.

Nyuma yangu walikuwa wanacheka.

"Tazama meno! Kila picha anacheka kama analipwa."

"Meno ya baba yake," mama akasema. "Kwangu hakuchukua kitu, hata pua."

"Pua yako wewe nani angeitaka?"

Halafu nikasikia sauti ya dada yangu. Mama mdogo alikuwa amekibofya kile kiungo.

Mama alisema, "Ni yeye!" Alisema kwa furaha. Akaweka kiganja juu ya spika, kama unavyompapasa mtoto aliyelala.

Dada alikuwa anasema kwamba daktari amemwambia asipokwenda nje, ni suala la miezi. Hataenda. Amemwambia mdogo wake peke yake, na mama asiambiwe, kwa sababu ile michikichi ndiyo iliyomrudisha mama nyumbani, siyo lori lililotuleta. "Mdogo wangu amekubali," alisema, "lakini sura yake ile haijui kuficha. Mama atamkamata kabla ya Jumapili." Akacheka kidogo, akakohoa, ikaisha.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kompyuta. Ningeweza kuizima. Sikuizima kwa sababu nami nilitaka kumsikia. Huo ndio ukweli, sina mwingine.

"Ulijua?" mama akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Ningeuza," akasema. "Ningeuza hata mlango wa nyumba." Hakupandisha sauti. Mteja alichukua fotokopi zake akatoka. Mama mdogo, ambaye hanyamazi hata kanisani, alikuwa anafunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

Walipoondoka niliandika find . -type l, amri ya kutafuta viungo, nikakiona kiungo. Nikakiondoa. Nikaenda kwenye folda yenyewe, kwa njia yake halisi kwenye diski, nikaondoa ruhusa zote isipokuwa za mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Siku hizi kila mara naanza na find, na nyota siitumii tena kwa chmod. Lakini folda nilifunga baada ya mama kusikia.

Siku ya kuganduka, mtu mmoja wa familia husimama na kuwaeleza wageni ugonjwa wa marehemu ulivyokwenda. Kazi hiyo nilipewa mimi, na maneno nilikuwa nimeyachapa mapema: aliugua kidogo, hali ikabadilika ghafla. Ijumaa jioni mama alikuwa anachambua maharage uani. Nilikaa karibu naye. Aliniuliza bila kuniangalia:

"Kesho utasema vilevile ulivyoandika?"

"Unataka niseme nini, mama?"

"Mimi sijui kitu. Ninyi wawili ndio mnaojua."

Jumamosi nilisimama. Wageni walikuwa wamekuja hata kutoka Gitaza, viti havikutosha. Nilianza kusoma, na nilipofika kwenye "ghafla" nikakoma hapo. Nikasema dada yangu alijua kwamba atakufa, na mimi nilijua, na kwamba mama yetu hakuambiwa kwa sababu tuliamua asiambiwe. Nikasema asilaumiwe mama kwa kutomtibu, kwa maana nilikuwa nimewasikia watu wakinong'ona hivyo sokoni na nikanyamaza. Nikakaa. Mjomba mmoja alisema kwa sauti kwamba mambo hayo husemwa ndani ya nyumba. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Baada ya muda waligawa vinywaji.

Hakusema nami siku ile. Jumapili asubuhi alitoka na mama mdogo kwenda Gatete, shambani, bila kuniaga. Mimi nilikaa sebuleni katikati ya viti vya kukodi vilivyokuwa vinangoja kurudishwa.

Saa nne simu yangu ililia. Ilikuwa yeye.

"Umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Iko kwenye chupa. Kunywa," akasema, akakata.